Pikipiki Suzuki Gamma na Desilita Moja ya Mafuta



Wengi wenu ambao mmekwisha kuingia katika chumba cha kulala cha mwaka wa sita mmeona ile picha iliyo juu ya kitanda changu. Ni picha ya pikipiki moja ya rangi nyeupe na buluu. Niliikata katika gazeti la zamani la Kifaransa ambalo lilikuwa linaenda kutupwa siku tulisafisha biblioteka. Karatasi imekwisha kuwa ya manjano, na kona moja panya wameikula. Kila mara mdogo mmoja anauliza: "Kapita, ile ni pikipiki gani?" Na kila mara mimi ninaacha kazi yangu na kuanza kueleza. Sasa wenye kutengeneza gazeti wameniomba niandike juu yake, sababu huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa. Nimekubali. Lakini nikiandika juu ya pikipiki ile tu, bila kuandika juu ya usiku ule gurupe yetu ilikufa, nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Basi nitaandika yote mawili, na mtaona vile yanafuatana.

Pikipiki yenyewe inaitwa Suzuki RG250 Gamma. Ilitoka huko Japani mwaka 1983. Gamma ni herufi ya Kigiriki, na watu wa Suzuki walikuwa wameiweka pia juu ya pikipiki yao ya mashindano ya sentimita 500. Pikipiki zao za namna ile zilikuwa zinashinda sana wakati ule: Mwingereza Barry Sheene alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977, kisha Mwitalia Marco Lucchinelli mwaka 1981, na Mwitalia mwingine, Franco Uncini, mwaka 1982. Watu wa Suzuki wakawaza: juu ya nini tusitengeneze pikipiki ndogo ambayo mtu anaweza kununua dukani na kwenda nayo kazini, lakini ifanane na ile ya mashindano kwa mwili na kwa roho? Ndivyo Gamma ilizaliwa.

Nitawapa hesabu, sababu mwalimu wetu wa fizika hapendi maneno bila hesabu. Moteri yake iko na silinda 2, jumla sentimita 247. Nguvu yake ni za farasi 45. Uzito wake, bila esansi wala mafuta, ni kilo 131. Fikirini: ni mifuko miwili na nusu ya sima na kitu kidogo juu yake. Ukigawanya, kila farasi mmoja anabeba hata kilo 3 hazitimii. Pikipiki zinazobeba watu kwenye barabara yetu, zile za sentimita 125, ziko na nguvu kama 10 au 11 tu, na tunaona vile zinapanda mlima na watu watatu na gunia la viazi. Sasa hesabu mwenyewe.

Wepesi ule ulitoka wapi? Kwanza katika kadre. Kadre ya pikipiki nyingi ni ya chuma. Ya Gamma ilikuwa ya alumini, na yenyewe ndiyo ilikuwa pikipiki ya kwanza ya kutengenezwa kwa wingi yenye kadre ya namna ile. Gurudumu la mbele walilifanya dogo, inchi 16, kama la pikipiki za mashindano, ili igeuke upesi katika kona. Hata saa ya kuonyesha mizunguko ya moteri haikuanza na sifuri: chini ya mizunguko 3000 kwa dakika ilikuwa haionyeshi kitu. Ni kama mtu anakuambia: kule chini hakuna kazi, usipoteze wakati kule. Mimi niliposoma neno lile nilicheka sana, na tangu siku ile nikaipenda.

Lakini sababu kubwa ya wepesi iko ndani ya moteri. Gamma ni ya temps mbili. Mjomba wangu ni fundi huko Butembo, na wakati wa likizo mimi ninafanya kazi naye, kuosha vipuli na kumpa funguo. Ni yeye alinifundisha tofauti, juu ya Yamaha AG 100 moja ya zamani ambayo nayo ni ya temps mbili. Aliniambia hivi: "Moteri ya temps nne inapumua kama mtu wa adabu. Inavuta hewa, inaikandamiza, inawaka, inatoa moshi. Pistoni inapanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa moto mmoja tu. Lakini hii ya temps mbili haina subira. Kila pistoni inapofika juu, moto!" Tena haina supape, wala ule mti wa kufungua supape, wala mnyororo wa kuuzungusha. Pistoni yenyewe inapopita inafungua na kufunga matundu yaliyo katika ukuta wa silinda. Vyuma vinapungua, uzito unapungua, na moto unawaka mara nyingi zaidi.

Kuko na shida moja. Katika wakati ule ule moshi unatoka, hewa mpya yenye esansi inaingia, na sehemu yake inakimbia pamoja na moshi kabla haijawaka. Ni hasara. Mtu mmoja Mjeremani, jina lake Walter Kaaden, ndiye alifanya kazi miaka mingi juu ya hasara ile. Alikuwa mtengenezaji wa pikipiki za mashindano za MZ, katika mji wa Zschopau, Ujeremani ya Mashariki. Hakuwa na pesa nyingi wala vyuma vizuri. Lakini alisoma sauti. Alifahamu kwamba moshi unapotoka unatuma wimbi katika bomba, na kama bomba likinenepa katikati kisha likapunguka tena, wimbi lile linarudi nyuma na kuisukuma hewa iliyokimbia, inaingia tena katika silinda mbele ya tundu kufungwa. Wadogo mnaniuliza kila mara niseme tena jambo hili, na kila mara ninawajibu: ni kazi yangu ya kila jioni. Saa ya masomo ninasimama mlangoni, wale wanaotoka kwa siri ninawarudisha ndani, kisha mlango unafungwa. Bomba la Kaaden ni kapita wa moteri.

Kwa njia hiyo, mwaka 1961, pikipiki yake ya sentimita 125 ilifika nguvu za farasi 25. Ni kama nguvu 200 kwa lita moja, na watu walistaajabu. Mpanda pikipiki wake alikuwa Ernst Degner. Mwezi wa Septemba mwaka ule, Degner alikuwa mbele katika hesabu ya ubingwa wa dunia. Walipofika kushindana huko Kristianstad, Uswidi, moteri yake ilikufa katika mashindano. Kisha mashindano Degner hakurudi nyumbani. Jamaa yake ilikuwa imekwisha kutoroshwa nchi ile, na yeye akaenda kwa Suzuki pamoja na yote aliyojua juu ya kazi ya Kaaden. Mwaka uliofuata, 1962, akapanda pikipiki ya Suzuki ya sentimita 50 na kuwa bingwa wa dunia, na huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Suzuki. Mbele ya hapo wao walikuwa watu wa masini za kufuma nguo, na pikipiki yao ya kwanza, mwaka 1952, ilikuwa baiskeli tu iliyofungwa moteri ndogo ya sentimita 36. Hivi ukitafuta mizizi ya Gamma ya 1983, mzizi mmoja unafika Zschopau, katika karakana ya mtu ambaye alibaki.

Nilikuwa nikisimulia habari ya Degner kama habari ya mtu hodari. Na hodari alikuwa. Nchi yake ilikuwa imejenga ukuta mwezi mmoja tu mbele ya hapo, na mimi siwezi kumhukumu mtu anayetafuta nafasi ya kupumua. Lakini katika masimulizi yangu Kaaden nilikuwa ninamwacha kwa sentensi moja, halafu ninaenda mbele na bingwa. Sasa simwachi tena upesi hivyo. Nitawaambia sababu.

Rudini kwanza kwenye moteri ya temps mbili, kuna jambo moja ambalo nililiruka. Moteri ya temps nne iko na mafuta yake mazito chini, katika tumbo lake, na mafuta yale yanazunguka na kulainisha vyuma vyote. Ya temps mbili haiwezi kuwa na mafuta tumboni, sababu esansi na hewa zinapita mle mle tumboni mbele ya kupanda juu. Kwa hiyo mafuta yanapashwa kusafiri pamoja na esansi, yanapita, yanalainisha, halafu yanawaka na kutoka kama moshi wa buluu. Hayabaki. Kila siku ni kuweka mengine. Mjomba wangu anasema: "Moteri hii haina akiba. Inakula kile mkono wako umeipa leo." Ukisahau, pistoni inapata moto, inanenepa, inajisugua juu ya ukuta wa silinda, na mara moja inakamata. Wapanda mashindano wa zamani walijua hatari hii, ndiyo maana walikuwa wakipanda na vidole viwili juu ya mkono wa ambreyaji, tayari kuuvuta kama moteri ikikamata ghafula na gurudumu la nyuma kugoma.

Mimi nilijua yote haya. Niliyajua kuliko mtu yeyote katika internat. Na sasa ninafika kwenye habari yangu.

Mnajua kwamba gurupe ndogo iliyokuwa inatupa taa ya masomo ya jioni nayo ni ya temps mbili. Kwa sababu ninafahamu kidogo mambo ya masini, Bwana Prefe aliniweka mimi kutengeneza melanje: desilita moja ya mafuta kwa bidoni ya lita 5 za esansi. Mdogo wa zamu anachukua bidoni, anajaza tanki, anavuta kamba. Kazi ya kuchanganya ni ya kapita, kazi ya kujaza ni ya zamu. Ndiyo ilikuwa sheria.

Siku moja ya Jumatano, mwezi wa tatu, nilikuwa nyuma ya karakana na esansi nimekwisha kuipima katika bidoni. Wadogo watatu wakafika. Mmoja akauliza juu ya Gamma. Nikaweka bidoni chini, nikachukua kijiti, nikachora katika udongo bomba la Kaaden, likinenepa hapa, likipunguka pale. Wakauliza tena. Nikachora kona ya mashindano na vile mpanda anainama mpaka goti linakaribia barabara. Nilifurahi sana, ninakiri. Kengele ya chakula ikalia. Nikafunga bidoni kwa nguvu, nikaiweka pahali pake chini ya meza, nikaenda kula.

Jioni, mdogo wa zamu alikuwa mtoto mmoja wa mwaka wa pili. Sitaandika jina lake, mnalijua. Akajaza, akavuta kamba, gurupe ikawaka mara ya kwanza. Ninakumbuka mwenzangu mmoja alisema: "Leo gurupe inafanya vizuri, haitoi hata moshi." Tukafurahi, sababu siku nyingine moshi unaingia mpaka darasani na kukohoza watu. Mimi nilisikia neno lile kabisa, na sikuwaza kitu. Mtu anayejua bomba la Kaaden alikaa pale juu ya kitabu cha kemia, na moteri inamwambia wazi wazi kwamba haina mafuta, na hakusikia.

Karibu saa moja ilipita. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nyembamba kama mtu anayelia kwa meno, na ikakatika. Giza. Sisi wa mwaka wa sita tukapiga kelele, sababu mtihani wa Serikali ulikuwa karibu na kila jioni ilikuwa na bei. Nilikimbia na tochi. Nikavuta kamba: haivutiki. Kama imefungwa katika jiwe. Mtoto alikuwa anasimama pembeni na mikono nyuma.

Bwana Direkteri wa Disiplini akafika na kuuliza: "Nani alijaza?"

"Ni mimi, Bwana Direkteri."

"Ulitia nini?"

"Niliweka ile ya bidoni ya melanje. Ile ya chini ya meza."

"Wewe ulichukua ile nyingine, ya esansi tupu. Unaona sasa?"

Mtoto akasema tena pole pole: "Hapana, Bwana. Niliweka ile walinionyesha." Na akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa kunishitaki. Aliniangalia kama mdogo anavyomwangalia kapita wake, akingoja aseme neno.

Mimi sikusema. Na wakati ule, ndugu wasomaji, sikuwa nimejua bado, nilikuwa na mashaka tu. Nilijidanganya kwamba mashaka si kitu cha kusema mbele ya watu. Bwana Direkteri akaniambia niandike katika kaye ya adhabu, nami nikaandika kwa mkono wangu: jina la mtoto, darasa, tarehe, na maneno "amekosa bidoni, ameharibu gurupe." Adhabu: kukata majani kwa majuma mawili, na wazazi wake waitwe juu ya malipo.

Kisha watu walipokwenda kulala, nilirudi karakana peke yangu. Chupa ya mafuta iko juu ya rafu, nyuma ya mlango. Kila mara nikipima, ninatia alama ya kalamu juu ya chupa, mahali mafuta yamefika. Nikamulika tochi. Mafuta yalikuwa juu ya alama ya mwisho, sawasawa, hayakupungua hata unywele. Basi kutoka saa ile nilijua. Mtu asiseme kwamba nilichelewa kwa kutojua.

Siku ya Ijumaa fundi mmoja alitoka senta akafungua moteri, nami nikaitwa kumsaidia. Alipotoa silinda, aliigeuza kwenye mwanga na kunyamaza. Pistoni ilikuwa imekwaruzika pande zote mbili, segma zimeganda katika nafasi yake. "Angalieni," akasema, "imekauka kama mfupa. Hapa mafuta haikupita hata tone." Bwana Direkteri akamweleza kwamba mtoto alikosa bidoni. Fundi akaomba bidoni ya melanje, akatia kidole ndani, akasugua na kidole gumba, akanusa. "Hii ya melanje ndiyo haiko na mafuta," akasema. "Nani alichanganya?"

Bwana Direkteri alikuwa amekwisha kwenda kumpokea mgeni mlangoni, hakusikia. Fundi akaniangalia. Nilikuwa na ufunguo wa 13 mkononi. Nikainama kutafuta mpira mdogo uliokuwa umeanguka, na haukuwa umeanguka kitu. Fundi hakuuliza mara ya pili. Akaendelea na kazi yake, na hakuniita tena "mwanafunzi" kama asubuhi, hakuniita kitu chochote.

Mnadhani nilikwenda jioni ile ile kusema? Hapana. Nilihesabu. Nilihesabu ukapita wangu, nilihesabu barua ambayo Bwana Prefe aliahidi kuniandikia kwa ajili ya Institut, nilihesabu heshima ya mjomba wangu ambaye anasema kwa watu kwamba mimi ni fundi wa kesho. Hesabu yote ilikuwa ya upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na mtoto mmoja tu na kupekupe.

Siku ya Jumatatu, mapumziko ya saa nne, wadogo wengine walikuja kwenye dirisha la darasa letu na kuomba habari ya Gamma. Nikaanza kama kawaida. Kadre ya alumini, silinda 2, kilo 131. Nilipofika kwenye mafuta, mahali ambapo ninasema kila siku "moteri hii haina akiba, inakula kile mkono wako umeipa," nilisikia nyuma yao sauti ya kupekupe katika majani: sha, sha, sha. Nilijua bila kuangalia ni nani. Neno likabaki katika koo. Mmoja akasema: "Kapita, endelea." Sikuweza kuendelea. Niliwaacha pale wakishangaa, na nikaenda kwa Bwana Prefe kabla hesabu haijaanza tena.

Bwana Prefe alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga meza. Akaomba kaye ya adhabu iletwe, akaifungua mbele yangu, akasema: "Hili jina ni mwandiko wa nani?" Nikajibu: "Ni wangu, Bwana Prefe." Akasema: "Basi ulifute kwa mkono ule ule, na uandike lako." Mistari ile miwili ilinichukua wakati mrefu kuliko insha yoyote niliyoandika katika shule hii. Malipo ya pistoni na segma yakawa yangu: pesa ambazo nilikuwa nimeweka juu ya viatu vya kumaliza mwaka zilikwenda zote, na nyingine nilikopa kwa mjomba, ambaye nilipashwa kumweleza sababu. Majani yaliyobaki nikayakata mimi. Ukapita hakuninyang'anya. Nilimwomba hata auchukue. Akajibu kwamba kuuacha sasa kungekuwa rahisi kwangu, na kwamba nitasimama mlangoni kila jioni kama zamani, watu wakijua.

Kwa mtoto yule nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kwenye bomba la maji anaosha sahani. Nikamwambia: "Mdogo wangu, nilikukosea. Mafuta ni mimi nilisahau, nilijua usiku ule ule, na nikaacha uadhibiwe." Alikuwa anasugua sahani moja. Akasema: "Nilijua siye mimi." Kisha akanyamaza sana. Nilikuwa karibu kuondoka aliponiuliza: "Yaya kapita, ile Suzuki ya picha, mafuta yake nani anaweka?"

Ni swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza, katika miaka yote ile ya kueleza. Nikamjibu vile ninajua. Katika pikipiki za mashindano mtu anachanganya kwa mkono, kama sisi. Lakini Gamma, kwa kuwa ni ya barabara, iko na tanki ndogo peke yake ya mafuta na pompa. Pompa inatuma mafuta kidogo moteri inapokwenda pole pole, na inaongeza mpandaji anapoongeza esansi. Mwenye pikipiki haitaji kupima. Mtoto akawaza, akasema: "Na tanki ile ndogo, nani anaijaza?" Nikasema: "Mwenyewe." Akasema: "Basi ni sawa tu na gurupe." Na akaenda na sahani zake.

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Zamani nilikuwa nikiwaambia kwamba wepesi wa Gamma ulitoka katika vile walitoa: walitoa chuma wakaweka alumini, walitoa supape. Ni kweli. Lakini kilichotolewa hakikupotea, kiligeuka kuwa kazi ya mtu. Mafuta ambayo moteri nyingine zinajiwekea tumboni, hii inayangoja kwa mkono wa mtu, kila siku. Na mwisho wake ulitoka mahali pale pale: mafuta yanayowaka yanatoa moshi, na dunia ilianza kuukataa. Mashindano makubwa ya sentimita 500 yalifungua mlango kwa temps nne mwaka 2002. Temps mbili za sentimita 250 zilimaliza mwaka 2009, na za sentimita 125 mwaka 2011. Siku hizi moteri za temps mbili hatuzioni katika mashindano yale. Sisi bado tuko nayo karakana, na masini za kukata mbao, na AG ya mjomba.

Juu ya Degner na Kaaden nilisema nitawaambia sababu. Degner alipata ubingwa, na alilipa pia: mwaka 1963 aliungua vibaya katika mashindano huko Suzuka, Japani, na alikufa mwaka 1983, mwaka ule ule Gamma ilitoka. Kaaden aliendelea kufanya kazi Zschopau. Ukisimulia habari, ni rahisi kufuata yule anayekwenda mbele na taa. Siku zile chache za mwezi wa tatu mimi nilikuwa na taa, na mtu mwingine alikuwa nyuma katika majani, na niliona vile msimulizi anaweza kumsahau.

Gurupe inafanya kazi tena. Sheria tumeibadilisha, Bwana Prefe amekubali: anayechanganya anafunga karatasi juu ya bidoni, ameandika tarehe, kipimo na jina lake, na wa zamu anasoma mbele ya kujaza. Kama karatasi haiko, anakataa, hata kama ni kapita anamwamuru. Wa kwanza kunikatalia alikuwa mtoto yule. Nilikuwa nimesahau kuandika tarehe.

Wewe utakayekuwa kapita mwaka ujao, picha nitakuachia, sitaiondoa juu ya ukuta. Chupa iko juu ya rafu, nyuma ya mlango wa karakana. Ni desilita moja kwa lita 5. Wakikuuliza juu ya Gamma, maliza kwanza kupima, halafu ueleze.

Mimi mwenzenu,
Kapita wa internat, mwaka wa sita